Barua ya wazi: Tuambieni kwanza maana ya Umoja wa Fedha

Kwa Mawaziri wa Fedha wa nchi 8 za Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Kwa Magavana wa Benki Kuu zetu,
Kwa Sekretarieti ya Jumuiya, Arusha.

Waheshimiwa,

Shikamooni mlio wakubwa wangu, na wengine habari za kazi.

Nawaandikia kutoka Soko la Wakulima, Nairobi, ambalo sisi wenyewe tunaliita Marikiti. Nauza vitunguu, vingi vikitoka ng'ambo ya mpaka wa Namanga, upande wa Tanzania, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa katibu wa chama chetu cha akina mama 31. Nayasema haya mapema ili mtu asitafute jina langu miongoni mwa wasomi wa uchumi. Hata hivyo mmoja wenu ni jirani yangu. Benki Kuu ya Kenya iko kwenye barabara hii hii ya Haile Selassie, na Gavana akikwama asubuhi kwenye msongamano wa mikokoteni, huenda mmojawapo umebeba mzigo wangu. Anisamehe.

Sababu ya barua ni neno moja.

Katika kikao chetu cha mwezi uliopita alikuja kijana kutueleza habari za biashara ya mipakani. Kijana mzuri, ana adabu, ana karatasi nyingi. Akafika mahali akasema: "Ifikapo mwaka 2031, akina mama, tutakuwa na Umoja wa Fedha." Mama mmoja wa viazi akainua mkono. "Tutachanga ngapi?" akauliza. "Na nani atakuwa mweka hazina?"

Watu walicheka mpaka mtoto aliyelala mgongoni akaamka. Kijana naye alicheka. Akaeleza kwamba si chama, ni noti moja tu itakayotumika kutoka Mombasa hadi Kinshasa. Mwingine akadakia: "Ile Sheafra?" Hapo ndipo kikao kilipoharibika. Mtakumbuka wenyewe kwamba Januari 2024 picha za noti za "Sheafra" zilizunguka mitandaoni, eti ndiyo sarafu mpya ya Afrika Mashariki, hadi Sekretarieti ikalazimika kutoka na kusema ni uongo, hakuna noti kama hiyo. Kanusho lenu lilifika Marikiti likiwa limechoka. Uongo ulikuwa umeshakula, umeshiba na umelala. Mama mmoja wetu alikuwa amekwisha nunua dola kwa akiba yake ya karo, akiogopa shilingi itafutwa.

Kijana, katika kujiokoa, akasema: "Ni kama ukanda wa euro." Nikamwuliza ukanda wa euro ndio nini. Akajibu: "Ni nchi za Ulaya." Kwenye daftari la kumbukumbu za kikao nikaandika: *maana ya Umoja wa Fedha – katibu ataulizia.*

Nimeulizia. Nimesoma usiku, miguu ikiwa kwenye beseni la maji moto, na nimegundua kwamba jibu la kijana lilikuwa na makosa, na swali la mama wa viazi lilikuwa sahihi kuliko yote yaliyosemwa siku ile.

Kiswahili hakijawahi kukosa neno la pesa. Pesa yenyewe tuliipata kutoka kwa paisa ya Wahindi. Mtanzania akisema hela anataja heller ya Mjerumani, ambaye mwaka 1904 aliigawa rupia yake kuwa heller 100. Sumuni, ile senti 50 yetu, ni thumni ya Mwarabu, yaani sehemu ya nane. Jirani zetu wa Kigali na Bujumbura wana faranga. Mjukuu wangu hapa Nairobi ana mbao, finje, soo na thao, na nikimwambia ndururu ananitazama kama mtu aliyetoka makaburini. Kila sarafu iliyopita hapa iliacha neno lake, kama mafuriko yaachavyo alama ya matope ukutani.

Basi tatizo letu la sasa si uhaba wa maneno, ni wingi wake. Leo ni "umoja wa fedha", kesho "muungano wa sarafu", redioni ni "sarafu moja", na Ulaya inapotajwa tunasikia "ukanda wa euro", "kanda ya euro", "eneo la euro". Mnayatumia kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sarafu moja ni kitu cha mfukoni, nakitoa nanunua sukari. Umoja wa fedha ni mapatano kati ya serikali juu ya nani anaamua kuhusu hicho cha mfukoni. Mtu anaweza kuwa na cha kwanza asiwe na cha pili hata chembe.

Chukueni hiyo Ulaya mnayotuelekeza. Umoja wa Ulaya una nchi 27. Zilizo ndani ya ukanda wa euro ni 21, ya mwisho ikiwa Bulgaria iliyoingia tarehe 1 Januari 2026. Denmark ilijitoa kwa makubaliano tangu mwanzo. Wasweden waliulizwa kwa kura mwaka 2003 wakasema hapana, na mpaka leo wana pesa yao. Kwa hiyo ukanda wa euro si "nchi za Ulaya", na wala si Umoja wa Ulaya.

Lakini kilichonishangaza mimi ni upande wa pili. Montenegro wanatumia euro. Kosovo wanatumia euro. Mtu wa huko akienda sokoni hutoa noti ile ile anayoitoa Mjerumani. Hata hivyo nchi hizo hazimo katika ukanda wa euro, maana ziliichukua tu pesa bila kuingia kwenye mapatano. Benki Kuu ya Ulaya iko Frankfurt, na gavana wa kila nchi mwanachama ana kiti kwenye baraza linaloamua riba. Montenegro haina kiti. Riba ikipanda, inapanda kwao pia, na hakuna aliyewauliza.

Na kwa nini twende mbali? Tazameni nyumbani kwetu, ndani ya Jumuiya yenyewe. Goma wanalipana dola. Mogadishu wanalipana dola, tena kwa simu. Kuna mtu yeyote atakayesema Kongo na Somalia ziko katika umoja wa fedha na Marekani? Washington hawajui hata bei ya mkungu wa ndizi Goma. Kutumia pesa ya mtu si kuwa na umoja naye. Mpangaji ana ufunguo wa mlango lakini hana hati ya nyumba.

Sasa nirudi kwa mama wa viazi.

Chama chetu kina kisanduku cha kufuli tatu. Funguo tatu ziko kwa akina mama watatu wasiokaa mtaa mmoja, na kisanduku kinakaa kwa wa nne asiye na ufunguo wowote. Mtu akija kwangu usiku akilia kwamba anahitaji mkopo, hata nikimwonea huruma vipi, siwezi. Hiyo ndiyo maana ya chama. Nilipokuwa nasoma habari za Maastricht, mji wa Uholanzi ambako euro ilipatanwa, niliona kisanduku chetu. Mkataba uliotiwa saini kule Februari 1992 ulisema: anayetaka kuingia, pengo la bajeti yake lisizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni lisizidi asilimia 60, mfumuko wa bei usikimbie wa wenzake. Ukasema pia nchi moja isibebeshwe deni la nchi nyingine. Januari 1999 nchi 11 zikaanza kwa hesabu za vitabuni tu. Noti na sarafu watu walizishika mikononi miaka mitatu baadaye, Januari 2002, na Ugiriki ikiwa imeingia ya 12.

Mwaka 2009 serikali mpya ya Ugiriki ikafungua daftari na kukuta pengo la bajeti ni kubwa mno kuliko lililokuwa likitangazwa. Kwenye chama tungesema kulikuwa na mkono kwenye daftari. Zamani nchi ya namna hiyo ingeiacha pesa yake ishuke thamani, mauzo ya nje yakawa rahisi, watalii wakamiminika, ikajikokota. Lakini drakma, pesa yao ya zamani, ilikuwa imeshazikwa. Mei 2010 wenzake pamoja na Shirika la Fedha la Kimataifa wakaikopesha euro bilioni 110, na ilipofika kiangazi cha 2015 benki zilifungwa, mtu akawa haruhusiwi kutoa kwenye mashine zaidi ya euro 60 kwa siku. Wagiriki waliingia kwenye ukanda wakaishia kukaza mkanda. Na Wajerumani waliokuwa wanatazama kwenye runinga waliuliza nini? Waliuliza swali la Marikiti: tutachanga ngapi, na nani ameshika hazina?

Kwa hiyo yule kijana hakupaswa kucheka.

Ninayo sababu nyingine ya kulishikilia neno hili, nayo si ya vitabuni. Nilizaliwa Tabora mwaka 1961, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa mtu wa Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na tulipohamishiwa Nairobi tulikaa Muthurwa, hatua chache tu kutoka mahali ninapouza leo. Mama alikuwa na kopo la maziwa lenye sarafu za zamani, zile za senti zenye tundu katikati, amezitunga kwenye uzi kama shanga. Ilikuwamo pia shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima. Hiyo ndiyo shilingi ya Afrika Mashariki, waheshimiwa. Pesa mnayoahidi kutuletea, sisi wazee tumeshaichezea tukiwa watoto.

Lakini ilikuwa ya nani? Iliendeshwa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919, ofisi zake London. Shilingi 20 zilikuwa pauni moja, na kwa miaka mingi kila shilingi iliyotoka huku ilitakiwa iwe na pauni zake zilizowekwa kule. Zanzibar ikaingizwa mwaka 1936. Makao ya Bodi yalihamia Nairobi mwaka 1960, bendera zikiwa karibu kubadilishwa. Kwa macho ya mfanyabiashara ilikuwa raha tupu, maana kitunguu cha Moshi na kitunguu cha Karatina vilikuwa na bei ya lugha moja. Kwa macho ya serikali changa ilikuwa kamba shingoni. Bodi haikuwa benki kuu. Kwa miaka mingi haikuweza kukopesha serikali kwa ajili ya mipango yake, haikuweza kuokoa benki iliyoyumba, haikuamua riba. Tulikuwa na sarafu moja, naam. Umoja wa fedha wa kwetu wenyewe hatukuwa nao. Tulikuwa Montenegro ya Mwingereza.

Baada ya uhuru palizungumzwa shirikisho, na palizungumzwa benki kuu moja ya Afrika Mashariki. Mtaalamu Mjerumani, Erwin Blumenthal, aliandikia Tanganyika ripoti mwaka 1963 kuhusu njia ya kuwa na benki ya namna hiyo. (Mzee huyo huyo ndiye aliyekuja kuufichua ufisadi wa Mobutu, rais wa Kongo, miaka ya baadaye. Dunia ndogo, na Kongo sasa tuko nayo chama kimoja.) Mazungumzo hayakufika popote. Juni 1965 ikatangazwa kwamba kila nchi itakuwa na benki yake, na mwaka 1966 zikafunguliwa zote tatu: ya Tanzania mwezi Juni, ya Uganda Agosti, ya Kenya Septemba.

Hapa naomba msome polepole. Shilingi tatu zile zilizaliwa mapacha. Ya Kenya, ya Uganda na ya Tanzania, zote zilikuwa moja kwa moja. Nikiwa na miaka minane nilimsindikiza baba posta kumtumia mani oda kaka yake Tabora. Alitoa shilingi 40, Tabora zikafika shilingi 40, ukiacha ada ya posta. Leo nikienda na shilingi moja ya Kenya naambiwa ni kama 20 za Tanzania au kama 28 za Uganda. Na hiyo ya Uganda msiihesabu hivi hivi, kwa sababu mwaka 1987 walikata sifuri mbili: shilingi 100 za zamani zikawa moja mpya. Bila kukata, ingekuwa ni maelfu.

Nani aliwatenganisha mapacha? Hakuna aliyewapiga shoka. Kila serikali ilichapisha kwa mahitaji yake, ilikopa kwa mahitaji yake, ilifunga milango kwa hofu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vikaja vizuizi vya kutoa pesa nje, na mani oda za baba zikaanza kuhitaji fomu. Mwaka 1977 Jumuiya ile ya kwanza ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983. Baba mkubwa alikufa katikati ya hapo. Hatukumzika. Mkisema "umoja" mbele yangu, nalisikia neno hilo kwa masikio hayo.

Msinielewe vibaya, sipingi. Nani apinge, mtu wa Namanga kama mimi? Pale mji ni mmoja, mtaa mmoja, lakini ukivuka geti unahitaji pesa nyingine, na tangu Machi 2025 Tanzania imepiga marufuku kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Siwalaumu, hata mimi nisingependa mtu aje Marikiti na mabunda ya kwao. Ila ina maana lazima nipitie kwa vijana wa kubadilisha pesa, wenye vikokotoo na lugha tamu, ambao asubuhi wana bei moja na jioni nyingine. Mwaka jana nikaamua kuwa mtu wa kisasa. Nikaenda benki moja jijini kumtumia mkulima wangu wa Karatu shilingi 100,000 za Kenya. Kwa bei iliyokuwa ukutani siku ile zilipaswa kufika kama milioni 2 za Tanzania. Zilifika milioni moja, laki nane na tisini elfu. Nilipouliza, nikaambiwa pesa zangu zilibadilishwa kwanza kuwa dola, kisha zikabadilishwa tena kule kuwa shilingi. Vitunguu vya Karatu, mnunuzi wa Nairobi, njia ya kilomita mia chache, na bado pesa ipite Marekani kuomba ruhusa!

Nikamtajia karani Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, ule ulioanza kazi mwaka 2013 ili benki zetu zilipane moja kwa moja kwa shilingi na faranga zetu kupitia benki kuu. Karani alikuwa hajawahi kuusikia. Ilibidi mimi, muuza vitunguu, nimwandikie jina lake kwenye kipande cha karatasi.

Ndiyo maana nasema anzeni na lililo rahisi. Mfumo huo hauhitaji noti mpya, wala nchi yoyote kuzika shilingi yake. Ungefanya kazi hadi kwenye kaunta na kwenye simu, nusu ya kilio cha Namanga ingekwisha kesho, na hapo mngekuwa na haki ya kutuambia habari za 2031.

Kuhusu hiyo 2031. Tarehe 30 Novemba 2013, kule Kampala, viongozi wa nchi 5 walitia saini itifaki ya umoja wa fedha, na ahadi ilikuwa miaka kumi, yaani ifikapo 2024. Imesogezwa. Kwenye chama mtu akisogeza tarehe ya kulipa anasimama mbele ya wenzake anaeleza. Sisi tulisikia tu redioni, kati ya matangazo ya sabuni na matokeo ya mpira. Masharti nimeyasoma: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, pengo la bajeti asilimia 3, deni la umma asilimia 50 ya pato la taifa likihesabiwa kwa thamani ya leo, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa kwa miezi minne na nusu. Nchi iyatimize kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuingia. Ni masharti mazuri. Lakini Kenya yangu, kwa deni na kwa pengo, imekaa nje ya mstari, na hilo si siri, kwani tuliona barabara hizi Juni 2024 vijana walipoukataa Mswada wa Fedha na kodi zake mpya. Asilimia 3 si namba ya karatasi. Ni kodi ya mkate, au ni mwalimu asiyeajiriwa. Mkituambia "umoja wa fedha" bila kututajia hayo, mnatuuzia gunia bila kutufungulia mdomo tuone ndani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo kwetu si dogo. Wenzetu wa Ulaya, kabla ya kuanza, walifunga viwango vya kubadilishia na kuvitangaza kwa tarakimu sita: euro moja ni mark 1.95583 za Ujerumani, ni lira 1,936.27 za Italia. Ajuza wa kijijini Italia aliweza kuchukua kalamu akajua akiba yake itakuwa nini. Sisi tukiuliza, tunaambiwa wataalamu wanashughulikia. Mikopo yetu je? Mama aliyekopa shilingi elfu 60 za Kenya leo, siku ya kubadilisha atadaiwa nini, na riba yake itaamuliwa mji gani? Afrika Magharibi na ya Kati wana faranga ya CFA tangu mwaka 1945, na usiku mmoja wa Januari 1994 thamani yake ilikatwa nusu: waliolala faranga 50 zikiwa faranga moja ya Ufaransa waliamka zikihitajika 100. Hadi leo kuna faranga ya CFA ya Dakar na faranga ya CFA ya Yaoundé, jina moja, thamani moja, na ya huku haipokelewi dukani kule. Mtu atuambie yetu itafanana na ipi.

Ninachoomba kinatosha kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mkataba wa mwaka 1999 ulisema Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya, na Kamisheni ya Kiswahili ipo Zanzibar. Waiteni wakae na wanasheria wenu wachague neno moja, walitolee maana, na maana hiyo isomwe redioni kwa sauti ya mtu anayezungumza kama watu. Iseme nani atashika funguo za kisanduku na viko vingapi viti vya baraza. Iseme nchi ikidanganya kwenye daftari itafanywa nini, kwa sababu Ofisi ya Takwimu ya Afrika Mashariki mliyoiandika kwenye itifaki ndiyo ingetuokoa na mambo ya Ugiriki. Iseme mmoja akizama wengine watachanga au hawatachanga. Msiandike "mikakati madhubuti". Andikeni ndiyo au hapana.

Na kama jibu la kweli ni kwamba mnachopanga ni noti tu, na kila serikali itaendelea kukopa na kuchapisha kwa akili yake, basi tuambieni hivyo pia. Nitawaambia akina mama waendelee na vijana wa vikokotoo pale getini. Wale angalau tunawafahamu kwa sura.

Kikao chetu hukaa Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa nane mchana, nyuma ya safu ya viazi. Yeyote kati yenu akitaka kuja, aje na kiti chake, vya kwetu ni makreti. Jirani yangu wa Haile Selassie anaweza kutembea, itamchukua dakika chache kuliko gari. Kwenye daftari nimeacha nusu ukurasa mtupu chini ya kile kipengele, na mama wa viazi ameshauliza mara mbili kwa nini sijaujaza.

Wenu katika kazi,

Katibu wa chama,
Soko la Wakulima, Nairobi